Ahadi ya Kighala

Mtaani kwao, kitu kikubwa kisicho na chochote ndani huitwa cha kighala. Kuna nyumba ya kighala, tumbo la kighala, hata ahadi ya kighala. Mgeni akisikia hushangaa, maana ghala analolijua yeye ni mahali pa kujaza vitu. Anayejua neno lilikotoka ni Mzee wa Funguo, mtunza ghala, na likitajwa yeye huangalia viatu vyake.

Funguo zilining'inia kiunoni mwake miaka mingi, zikilia kila alipopita, naye alipenda zilie. Enzi hizo magunia na makasha yalifika darini. Kisha wenye mali wakaanza kupeleka mizigo kwingine, kidogo kidogo, mpaka ikabaki sakafu tu na yeye wa kuilinda. Nyumbani hakusema. Aliona haya kumwambia mkewe kwamba analinda hewa.

Ubaya ulianzia mezani. Shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyekuwa akikaa nao, alioka mikate, na jioni ile alilalamikia joto la tanuri kama kila mtu anavyolalamikia kazi yake. Mzee wa Funguo, kwa kupenda ukubwa, akamwambia aache mateso hayo aje ghalani, kazi zimejaa hadi zimekosa watu. Kwake yalikuwa maneno ya kuteremshia chakula. Siku chache baadaye mkewe akamweleza kwa furaha kwamba mdogo wake anakwenda kuaga tanurini. Neno moja tu lingetosha kumzuia. Mzee akakohoa, akanyamaza.

Jumatatu shemeji akafika ghalani na shati jipya la kazi. Wakausukuma mlango.

"Shemeji, mizigo iko wapi?" aliuliza, na ukuta wa mbali ukamrudishia swali lake.

Mzee wa Funguo alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaeleza yote, macho chini. Shemeji alimsikiliza hadi mwisho, akauliza tu kama dada yake anajua. Hajui, akajibiwa. Na tanurini nafasi yake ilikwisha kuchukuliwa na mtu mwingine. Basi akachukua ufagio, akaanza kufagia.

Usiku ule alimwambia dada yake kazi ni nyingi mpaka mgongo unauma. Siku zikaenda hivyo, wanaume wawili wakifagia pasipo na taka, mmoja wao bila hata mshahara. Neno likazaliwa humo kwa utani. Birika likiisha chai, shemeji alisema ni la kighala, na Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Utani ukawafuata nyumbani, mkewe akaupenda, akautoa nje, mtaa ukaudaka.

Kisha jioni moja, akipakua chakula, mkewe alikuwa akimsema jirani mmoja mwenye majivuno. "Yule naye na maneno yake ya kighala," alisema, akageuka. "Hivi neno hili mlilitoa wapi?"

Siku zote shemeji ndiye aliyejibu maswali ya namna hiyo. Safari hii alikuwa na tonge mdomoni, akalitafuna polepole.

"Lilitoka kwangu, kwenye ghala tupu," alisema Mzee wa Funguo.

"Najua. Siku ya pili tu nilikuletea miwani uliyoisahau. Niliwakuta mnafagia, nikarudi bila kuwaita." Akaweka upawa chini. "Ghala kuwa tupu si kosa lako, mume wangu. Lakini ndugu yangu alikuwa na kazi."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Muda wote ule alikuwa amemsimulia shemeji habari za wenye mali, za mizigo, za bahati yake mbaya. Jambo moja hakuwahi kulitamka. Alilitamka sasa, na sauti ikatoka ndogo kuliko alivyokusudia.

"Nisamehe, shemeji."

Shemeji hakuinua uso. "Nilikuwa nalipenda tanuri lile," alisema, akavuta sahani yake karibu.