Nyangumi wa Kemia na Kipindi Kisichohesabiwa

Nagwan Rifaat alimchukia Shawqi Abdelbari kwa miaka tisa, na hakuona haya hata siku moja. Wapo watu wanaoficha chuki yao kama ugonjwa. Yeye aliilea, akailisha, ikanenepa.

Baba yake, Ustadh Rifaat, alifundisha kemia mjini Damanhur, Misri, miaka thelathini. Alipostaafu, Nagwan alimchapia maswali yake yote akayaweka kwenye ukurasa wa mtandao, bure, mwenye kutaka achukue. Shawqi, aliyekuwa mwanafunzi wa mzee, alichukua kweli. Aliyabeba yote, akayatia kwenye kitabu chenye jalada la dhahabu, akajiita Nyangumi wa Kemia, na picha yake ikabandikwa kila ukuta kutoka stesheni hadi sokoni. Siku moja mzee alikuwa akimsaidia binti wa jirani, yule binti akamwambia, "Babu, swali hili umelitoa kwa Nyangumi." Mzee alicheka. Alipoambiwa hivyo mara ya tatu, hakucheka tena. Mtaa ulisema Ustadh Rifaat kaishiwa, sasa anaiba kwa vijana. Alikufa kipupwe hichohicho, akiitwa mwizi wa mali yake mwenyewe. Hilo ndilo Nagwan alilotaka lilipwe.

Angepiga kelele, wangesema ni wivu wa binti. Tena yeye alikuwa nani? Abla tu, kama walimu wa kike waitwavyo huko, mwalimu wa kompyuta katika sekondari ya wasichana, na kompyuta haiingii kwenye jumla ya alama za mtihani wa mwisho. Somo lisiloingia kwenye jumla halina mwenyewe. Kila anayetaka kipindi chake hukinyakua. Shawqi alifundisha hapohapo asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kituo chake cha masomo ya jioni, na mlango wa Nagwan aliusukuma bila hodi.

"Abla, nipe kipindi. Wasichana wana mtihani, na wewe una nini vile? Kubonyeza?"

Naye alikuwa akimpa, huku roho ikimwuma.

Mwaka huu alivifundisha vile vipindi vichache alivyobakiwa navyo kwa bidii isiyo ya kawaida. Wasichana wote walikuwa na tableti, lakini mtandao kwao ulikuwa makundi ya kuombaomba majibu.

"Mna shamba zima la mlenda," aliwaambia, "halafu mnaomba majani kwa jirani!"

Akawafundisha kutumia kivinjari. Usikiandikie kama unamwandikia shangazi barua, chagua maneno. Ukitaka sentensi ileile, itie kati ya alama za kunukuu. Fungua kurasa mbili, linganisha. Tazama nani kaandika, na lini. Kinachokufaa kihifadhi, kinachokula muda wako kifunge. Alifundisha kwa haki, kwa sababu hakutaka mtu aje kusema kwamba aliuza kazi yake kwa hasira.

Wiki ya saba akatoa zoezi: kila mmoja achukue sentensi moja kwenye kitabu anachokitegemea, atafute ilizaliwa wapi. Hakutaja kitabu. Hakukuwa na haja. Juu ya kila deski palimeta jalada la dhahabu.

Walikuwa katikati ya zoezi mlango uliposukumwa.

"Abla, kipindi."

"Karibu, ustadh," akasema Nagwan. "Ila kwanza wana swali."

Aliyesimama ni Mirhan, binti wa muuza jibini, mwenye ulimi wa kukata. "Ustadh, huyu Mama Insaf wa swali la arobaini na moja kitabuni mwako, mwenye siki ya achari, ni nani?"

Shawqi aliweka mkono kifuani. "Shangazi yangu, mwanangu. Alinilea kwa achari ile. Mungu amrehemu."

"Mungu amrehemu!" darasa zima likaitikia, kwa utamu wa kutisha.

"Mbona hapa yu hai?" Mirhan akasoma kwenye tableti: "'Mama Insaf wa ghorofa ya nne, jirani yetu, ana lita mbili za siki ya achari.' Kaandika Ustadh Rifaat."

"La hamsini nalo lipo!" akadakia mwingine. "Pamoja na jibu lake la makosa!"

"Mtandao umejaa wezi," akasema Shawqi. "Mzee yule alininakili mimi."

"Tarehe, ustadh. Ukurasa umekitangulia kitabu chako miaka miwili. Abla katufundisha kutazama tarehe."

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Shawqi ilianzia ubaoni ikaishia mlangoni. Kufikia alasiri mji mzima ulijua. Kwenye picha zake watu waliandika "mpwa wa Mama Insaf", na Nagwan alizunguka kwa miguu, ukuta kwa ukuta, akazisoma zote. Wanaosema kisasi ni kichungu hawajawahi kukilipa. Kwake kilikuwa kitamu, na usiku ule alilala usingizi wa mtoto.

Siku mbili baadaye Shawqi alipiga hodi. Darasa lilikuwa limejaa.

"Ufute ukurasa ule, Abla Nagwan," akasema kwa sauti ya chini. "Kituo kimebaki kitupu. Nina watoto."

"Baba yangu naye alikuwa na mtoto."

"Nifanye nini basi?"

Nagwan akampa chaki. "Andika nani aliyatunga. Jina lote."

Aliliandika lote, jina la mzee, la baba yake na la babu yake, bila kusita. Miaka yote hiyo alikuwa akilijua.

"Na chini yake, andika aliyeyaiba."

Kisha akaliandika lake, kwa herufi ndogo, pembeni.

"Haya. Umenisamehe?"

"Nani kakwambia?" akasema Nagwan, akawageukia wasichana. "Pigeni picha. Halafu kila mmoja atafute pa kuiweka ambapo haitafutika."