Kibanda cha Daktari Katikati ya Kijiji

Wataalamu wa ramani walipokuja kijijini kwetu, huku Chemba, mimi nikiwa muuguzi wa zahanati, walinionyesha kijiji changu kwenye kompyuta. Kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu, maana yake tuko mbali na hospitali. Nilishukuru sana kuelezwa. Miaka yote nilidhani wagonjwa wanachelewa kufika Kondoa kwa sababu ya uvivu.

Dawa ya wekundu huo ilikuwa kibanda chenye kioo cha kuzungumza na daktari aliye Dodoma mjini. Kompyuta ilitafuta katikati ya kijiji ili pasiwe na mtu wa kuonewa, ikapata kichaka cha miiba juu ya kilima, saa nzima kwa miguu kutoka nyumba ya karibu. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza kwa upole, "Pale anaishi nani?"

"Ndiyo katikati, mzee," akajibiwa.

Kikajengwa palepale. Nikapangiwa kupanda kila Alhamisi kukaa na daktari wangu wa kioo. Alhamisi za mwanzo tulitazamana tu, yeye akinywa chai, mimi nikifukuza mbuzi wa watu mlangoni.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi mmoja Msandawe, aliyeletwa kwa pikipiki na mkwe wake, mke wa mwanawe. Alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona. Daktari, kijana mwenye adabu, akamwamkia, "Shikamoo, bibi."

Bibi akamtazama, kisha akamwambia mkwe wake jambo kwa Kisandawe. Mkwe akainamisha kichwa.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anauliza, daktari gani huyu asiyeweza kushika mguu?"

Nikamtupia daktari wetu jicho la huruma. Yeye hakukasirika. Akaomba mkwe ashike kwa niaba yake: abonyeze vidole, aulize kama bibi anahisi. Mkwe akabonyeza. Bibi akaendelea kuchungulia nje, hana habari. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, hadi mimi nikakunja uso. Bibi hakushtuka.

Daktari akaweka kikombe chini. Akaniagiza nipime sukari. Ilikuwa juu mno.

"Aende hospitali leo," akasema. "Akingoja, mguu utakatwa."

Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Bibi aligeukia kioo, akamwambia yule kijana kwa Kiswahili safi, "Marahaba." Akanyoosha mkono ainuliwe.

Alilazwa Kondoa. Wakamkata kidole kimoja, mguu ukabaki. Habari zikasambaa, na kilima changu kikaanza kupata foleni. Kumbe pale juu ndipo mahali pekee penye mtandao wa kueleweka, jambo ambalo hakuna aliyelipanga.

Wataalamu waliporudi kukagua, walifurahi mno. Mkuu wao alisimama mlangoni, akapiga picha ya watu waliokaa chini ya jua wakisubiri zamu, akaniambia, "Unaona? Ramani haidanganyi."

Nikamwambia nimeona. Nikamwomba pia benchi na kipande cha bati la kivuli. Akasema hayo hayamo kwenye mradi. Alhamisi iliyofuata mume wa yule mkwe alipanda na nguzo nne na mabati ya zizi lake la zamani, akatujengea kivuli.

Kuanzia siku hiyo bibi amekuwa akija kila zamu yake ya kuangaliwa mguu, na hukaa mbele ya wote, chini ya mabati ya mwanawe.