Dirisha la Haboba

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Kibra kabla watu hawajaanza kuiita Kibera, dirisha halikuwa kioo. Lilikuwa ubao wa sanduku la chai, umening'inizwa kwa juu na vipande viwili vya mpira wa gurudumu. Ukitaka hewa unausukuma nje, kisha unauegemeza kwa kijiti. Watoto wa leo stima ikipotea kidogo wanalalamika feni imezimika. Feni yetu ilikuwa kijiti.

Dirisha ninalolikumbuka ni la chumba cha Haboba, nyanya yangu mzaa baba. Haboba alikuwa na pumu. Mchana kutwa alikaa chini ya dirisha hilo akisuka tabaga, vile vifuniko vyetu vya chakula vya rangi rangi, na mlio wa kifua chake ulisikika mpaka uani. Mwaka huo mchwa walikula mti wa chini wa dirisha, kijiti kikakosa pa kushika. Ukiegemeza, ubao unarudi, paa. Nikapewa kazi ya kuushika kwa mkono. Mkono ukichoka, ubao unajifunga, na Haboba anakohoa hadi machozi yanamtoka. Nilikuwa na miaka minane, na niliamini kabisa kwamba nikisinzia nitamuua.

Mtauliza kwa nini Baba hakulitengeneza siku hiyo hiyo. Ardhi ile babu zetu walipewa kwa utumishi wa jeshi, lakini kujenga kulitaka ruhusa, na ruhusa haikutoka. Mkaguzi wa serikali alipita akitafuta udongo mbichi ukutani. Akiuona atasema umeongeza chumba, na chumba kitabomolewa. Jirani yetu mmoja alibomolewa jiko zima kwa kuziba shimo la panya. Sasa kubadilisha mti wa dirisha ni lazima uchimbe ukuta na ukandike upya. Wenye busara walingoja mwisho wa Ramadhani, maana kila nyumba ilikandikwa kwa ajili ya Idd, na mkaguzi alikwisha kulizoea hilo. Lakini Ramadhani yenyewe ilikuwa bado, na kifua cha Haboba hakikuwa cha kungoja.

Baba aliifanya kazi hiyo Jumatano, mlango wa ua umefungwa. Akatia mti mpya, akachonga kishimo cha kijiti, akakandika. Dirisha likakaa wazi. Haboba alilala mchana ule bila kukohoa, nami nikamtazama nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Nje, hata hivyo, palibaki doa kubwa la udongo mbichi. Mama alijaribu kulififisha kwa majivu, likazidi kuonekana. Baba akatuita, akasema, "Neno hili lisitoke humu."

Nami nilikuwa nimeshalitoa. Asubuhi ile chuoni, tulikosomea Kurani, nilimwambia rafiki yangu Zaituni kwamba kwetu tunapata dirisha jipya. Nilikuwa naringa tu. Maneno ya Baba yalipoingia masikioni, chakula cha jioni kikanishinda. Kila kishindo cha buti njiani nilikisikia kuwa cha mkaguzi. Sikuthubutu kumwambia mtu.

Kesho yake, jua likichomoza, mamake Zaituni aliingia uani kwetu na wanawake wanne nyuma yake, udongo umewafika viwikoni. Nikajificha nyuma ya mtungi, nikijua wamekuja kunisema.

"Sisi kwetu tumeanza kukandika," akamwambia Mama. "Nyinyi mnangoja nini?"

Hakutaja dirisha. Mama alimtazama, akaenda kuchukua debe la maji. Kufikia adhuhuri safu yetu yote ya nyumba ilinuka udongo na mavi ya ng'ombe, na doa letu halikujulikana liko wapi.

Mkaguzi alikuja Ijumaa. Alipita nyumba moja moja, akasimama dirishani kwa Haboba, akabonyeza ukuta, kidole kikazama. Akauliza Idd ni lini. Nilishika kanga ya Mama kwa mikono miwili. Mwezi wa Ramadhani hatujauona, seuze wa Idd.

Haboba alijibu kutoka ndani, macho yakiwa kwenye tabaga lake. "Mwezi haujaandama, bwana. Ukiandama, mtaa wote utajua."

Mkaguzi akapangusa kidole kwenye kaptura yake, akaenda zake. Idd ilipofika ikabidi tukandike tena, na sikumsikia hata mmoja akinung'unika.

Siku hizi naishi Olympic, papa hapa Kibera, kwa mwanangu. Dirisha langu ni la kioo na chuma, linakaa wazi lenyewe, na likiharibika fundi anapigiwa simu. Upepo ukivuma, mkono wangu bado unanyanyuka kulishika. Jirani tunayegawana naye ukuta simjui jina, wala yeye hajui kwamba kifua cha Haboba nimekirithi mimi.