Ghorofa ya Nne, Lifti Hakuna

Mama yangu anakaa Upanga, ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Mimi nina kitambi. Mwaka mzima sikukanyaga kwake. Kila Jumapili nilisimama chini nikapiga honi, naye akateremsha kapu kwa kamba, kama wanavyofanya majirani zake wakipokea mkate. Natia samaki wa soko la Feri na ndizi, anavuta. Akiniambia nipande, namjibu nina haraka, duka liko wazi. Uongo mtupu! Mara ya mwisho kujaribu niliishia ghorofa ya pili, nikakaa kwenye ngazi nahema, bibi wa watu akanipita na ndoo ya maji, akanipa pole. Sikutaka mama anione vile.

Basi siku moja redioni nikamsikia kocha akisema mwanariadha haangalii maumivu, anaangalia lengo. Yakaniingia. Nikaenda Mchikichini nikanunua raba za mtumba na jezi iliyonibana, nikatangaza Kariakoo nzima, ninakouza vitenge, kwamba mimi sasa ni mwanariadha. Asubuhi ya kwanza nilikimbia nusu uwanja pale Mnazi Mmoja, kisha nikaenda kunywa supu ya makongoro na chapati tatu, maana mwanariadha lazima ale. Wiki tatu nikaenda hivyo hivyo. Jezi ikazidi kubana.

Jirani yangu wa duka, mama wa Kichaga anayeuza ndoo na mabeseni, akaniuliza kwani najiandaa na mashindano gani. Nikamweleza habari ya ngazi za mama. Hakunionea huruma hata kidogo.

“Sasa uwanjani unatafuta nini?” akasema. “Stoo yako si iko ghorofa ya tatu? Panda.”

Nikanuna. Ila kesho yake nilibeba vitenge vyangu mwenyewe kwenda stoo, kidogo kidogo, wachukuzi wakinicheka na kuniita bingwa. Siku za mwanzo nililaani redio, kocha na aliyebuni ngazi. Chapati zikabaki moja, nayo kwa uchungu. Miezi miwili magoti yakilia, sikuacha.

Jumapili moja sikupiga honi. Nikavaa jezi yangu, nikapanda. Ghorofa ya pili nikapita. Ya tatu nikashika ukuta, macho yanaona nyota, nikajisemea kwamba mwanariadha haangalii maumivu. Ya nne nikagonga mlango, jasho linachuruzika, nimejiandaa kupigiwa vigelegele.

Mama akafungua. Hakupiga kigelegele. Kutoka chini nilikuwa naona kichwa na mkono tu. Sikujua amepungua kiasi kile. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Nilidhani umenisusa,” akasema. “Nimekaa hapa mwaka mzima nawaza nilikukosea nini.”

Nikataka kumwambia ni tumbo tu, mama, ni tumbo na aibu zangu za kijinga. Pumzi ikakataa. Nikabaki natikisa kichwa mlangoni, nalia.