Ubishi wa Kichwa cha Samaki

Juzi wodini Lindi nilimkuta maalimu mzee wa Kivinje, ambaye tangu kiharusi kimpige hakuwa ametamka neno. Maalimu mwenzake, aliyebishana naye miaka na miaka juu ya "hatta" ya Kiarabu, kama ni "hata" au "mpaka", alikaa kitandani akamwinamia.

"Shehe, nimekula samaki hatta kichwa chake. Kwa hiyo kichwa nacho kimeliwa. Umenyamaza, basi umekubali."

Mgonjwa akainua kidole. "Ha... hakijaliwa! Ni mpaka. Umeishia... kichwani."

Mke wa mgonjwa, aliyesimama kando, akaangua kilio. Yule rafiki akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, kisha akavuta kiti.

"Kimeliwa," akasema. "Haya, nijibu."

Wanaosema ubishi wa sarufi hauna faida wakamwambie yule mama.