Waridi Chini ya Chokaa

Mimi si mtu wa kutulia. Mama yangu husema nilizaliwa nimeshavaa viatu. Lakini tangu nirudi kutoka Istanbul, nilikokwenda kusomea upigaji picha wa vitu vya kale, hata chai siimalizi. Kule walitupeleka kwenye makaburi ya enzi ya dola ya Uthmania, na nikakuta mawe yanaeleza watu: huyu kachongewa kilemba cha mwanachuoni, yule tarbushi ya karani, na ya wanawake yamejaa maua. Palikuwa na jiwe la msichana lenye waridi lililovunjika shina. Sijui Kituruki, lakini lile nililielewa papo hapo. Nikakumbuka makaburi ya kwetu Likoni, ambayo maisha yangu yote nimeyapita nikienda kununua mkate bila kugeuza shingo, na roho ikaniuma.

Basi nikaanza. Kila Jumamosi natoka kwetu Shika Adabu na kamera begani, naenda kupiga picha mawe ya zamani kabla hayajaliwa na mvua, saruji na vigae vya dukani.

"Wenzio Jumamosi huenda kuposa," mama huniambia, "wewe wenda kutazama makaburi. Nani atakupa mke?"

Jiwe lililoninyima usingizi liko Mtongwe, kwenye makaburi ya ukoo mmoja wa zamani, ukingoni mwa maji. Ni jiwe la matumbawe, kimo chake kinanifika kiunoni, na karibu na ncha limechongwa ua. Nililiona mara ya kwanza nikiwa njiani tu, mikono mitupu, chokaa yake ya zamani imechujuka imebaki weupe mwepesi, jua la jioni likilipiga ubavuni, na nikaapa kwamba shina la lile ua limekatika kama la Istanbul. Fundi wetu aliuona wapi mtindo ule? Kwa baharia, kwenye kitambaa, au aliubuni mwenyewe kwa kuwa msiba ni msiba popote? Swali hilo lilinikosesha raha. Na safu ya mbele ya makaburi yale ilikuwa imeshachukuliwa na bahari, masika yako mlangoni. Nisipolipiga picha mwaka huu, huenda nisilikute.

Mwenye makaburi alikuwa bibi mmoja mkongwe, nyumba yake imetazamana nayo. Nikamwendea barazani kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

Nikamtajia baba, babu na baba yake babu, ndipo akaridhika. Nikamweleza haja yangu.

"Jiwe hilo la bibi yake mama yangu," akasema. "Njoo Jumamosi, inshallah. Nitakuwekea vizuri."

Nilidhani anakusudia chai na mahamri. Jumamosi nikafika, nikakuta majani yamefyekwa na jiwe limepakwa chokaa tabaka juu ya tabaka, jeupe pe. Ua halionekani. Kwetu Shaabani ikiingia watu huyapaka makaburi chokaa. Yeye alikuwa ameagiza lipakwe mapema kwa ajili yangu.

"Mgeni apige picha kaburi chafu?" akasema, anatabasamu. "Aibu hiyo, wallahi."

Nilitamani kulia. Nikajikaza, nikamwomba ruhusa ya kuliosha.

"Ni chokaa tu. Osha, mwanangu, kama ndiyo kazi yako."

Akabaki barazani. Kwao wanawake hawaingii makaburini. Huwasalimia wafu wao kutoka nyumbani. Mimi nikateka maji, nikasugua kwa burashi laini, na chokaa, ambayo ilikuwa bado changa, ikaachia. Likatoka jani moja, la pili, kisha shina. Lilikuwa limekatika kweli. Nilicheka peke yangu kaburini kama mwendawazimu.

Lakini jua lilikuwa utosini, na jua la utosini hulifanya jiwe lililochongwa lionekane bapa. Nilihitaji jua la alasiri. Nikaketi, nikainuka, nikaenda mpaka majini, nikarudi, nikaifuta lenzi isiyo na vumbi.

"Mwanangu!" bibi akaita.

"Labeka, bibi."

"Jiwe umelipeleka wapi?"

"Lipo, bibi. Liko pale pale."

"Silioni."

Nikamwendea. Akaniambia kwamba macho yake siku hizi hayashiki kitu ila cheupe. Ubavuni mwa jiwe lile amelazwa binti yake wa kwanza, ambaye hakufika siku arubaini. Yule mtoto hakuwekewa jiwe lake.

"Kila asubuhi natoka hapa, natazama kile cheupe," akasema, "namsalimia mwanangu."

Nilijiona mdogo. Hata hivyo nikasema, "Bibi, nipe mpaka alasiri tu. Kisha nitalipaka mwenyewe."

"Haya, mwanangu. Nangoja."

Akangoja. Hakunung'unika. Ila aliinyoosha shingo kuelekea makaburini, akakunja uso, akahamisha macho polepole kutoka mnazi hadi ukuta, kutoka ukuta hadi mnazi, akitafuta. Nikatazama saa. Nikatazama jua. Nikamtazama yeye, akianza tena kwenye mnazi.

Nikaomba ndoo ya chokaa.

Nilipaka ua kwanza, maana ningeanza kwingine ningeghairi. Chokaa mbichi haiwi nyeupe mpaka ikauke, basi nikarudi kuketi karibu naye. Jua likateremka, likalipiga jiwe ubavuni sawasawa nilivyotaka, na jiwe likaanza kuwa jeupe, kutoka juu kwenda chini.

Shingo yake ikalegea.

"Huyo," akasema. "Sasa namuona."