Nyani Wangapi

Mdogo wangu wa kike alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea kutengeneza michezo ya kompyuta, na kompyuta yake ilikuwa hoi. Mchezo aliotakiwa kuuwasilisha ulifunguka, ukatembea kidogo, kisha kioo kikaganda. Ilihitajika kadi ya grafiki, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kiisaidie kuchora picha. Bila hiyo asingekuwa na cha kuwaonyesha walimu. Kazi ya kuchagua alinipa mimi niliyeko Songea, kwa sababu nimehitimu mambo ya kompyuta, na kwa sababu sina ajira, kwa hiyo nina muda. Hakujua kwamba mimi ukinipa muda umeniharibu.

Duka moja la Majengo lilikuwa na kadi mbili. Moja mtumba, kubwa, ya feni tatu, yenye nguvu, lakini inakula umeme mwingi na ingetulazimu kubadilisha pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Nyingine mpya, ndogo, ya feni moja, inayotosheka na umeme wa kompyuta ilivyo. Nikiishika ndogo nawaza: je, kesho akitaka kutengeneza mchezo mkubwa? Nikiishika kubwa nawaza: je, ikiwa imefanyishwa kazi mchana na usiku huko ilikotoka, ikamfia siku ya kuwasilisha? Nilisoma mabishano ya watu mtandaoni, na kila aliyesema wa mwisho nilimwamini. Mwenye duka alishanizoea.

"Ndugu yangu," aliniambia, "ukizidi kuiangalia hiyo itachuja rangi."

Nikaamua kuomba msaada kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Niliandika: "Shikamooni wakubwa. Nachagua kadi ya mdogo wangu na siku imekaribia. Naomba mchango wa mawazo."

Aliyekulia kwetu ameshajua nilichokifanya. Kadi na mchango vikikaa katika ujumbe mmoja, hiyo ni harusi. Mjomba wa Tunduru, mkulima wa korosho, alikuwa wa kwanza kujibu: "Mashaallah. Naahidi, mtaniona." Mama mkubwa akatuma vigelegele vya sauti. Mtu akauliza rangi ya sare.

Mdogo wangu akanipigia kutoka chuoni.

"Kaka, naolewa na nani?"

"Hata sijui."

"Ukimjua uniambie na mimi."

Shangazi wa Peramiho, dada mkubwa wa baba, alisomewa ujumbe na jirani, na hakuandika. Alipiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mahari kapokea nani, na mimi nipo hai?"

Nikamweleza. Shangazi hajawahi kugusa kompyuta, hivyo ilibidi niweke kando maneno yote niliyoyakariri. Nikasema ni kitu kinachochora picha, nyingi, haraka haraka.

"Kinachora nini?"

"Mchezo wake, shangazi. Kuna shamba la mahindi, kuna bibi analilinda, na nyani wanakuja kuiba."

"Nyani wangapi?"

Nilijua kasi ya kila feni, lakini swali hilo sikuwahi kumuuliza mwenye mchezo.

"Muulize," akasema. "Unanunua sufuria hujui wanaokula ni wangapi."

Nikamuuliza. "Sita," mdogo wangu alisema. "Wakizidi bibi anashindwa, nimeshajaribu." Nyani sita, bibi mmoja, kipande cha shamba. Kumbe muda wote nilikuwa nachagulia michezo ya watu wengine. Kadi ndogo ilitosha, na bado ingebaki na nguvu.

Ilibaki aibu ya kundi. Nilifuta na kuandika upya mara nyingi kabla ya kutuma ufafanuzi, nikingoja kusemwa. Mjomba akajibu: "Mchango ukishaahidiwa haurudi shambani. Kama bibi harusi ni kompyuta, basi aolewe." Akatuma pesa, na wengine wakamfuata, bila mmoja kuniambia nimewafurahisha bure. Mimi nilikuwa nimeomba mawazo tu. Hadi leo nikikumbuka nashukuru kimyakimya, maana kwa kweli sikuwa nimewaza kabisa pesa ya kulipia kadi yenyewe ingetoka wapi.

Nilinunua ile ndogo, nikaifunga kwenye kanga ya mama, nikaikabidhi kwenye basi. Siku mdogo wangu alipoichomeka, alituma video kundini: nyani wakitoka porini mmoja mmoja, wote sita, na kioo hakikuganda. Shangazi aliomba aonyeshwe kwenye simu ya jirani, kisha akatuma sauti: "Huyo bibi mbona amekaa tu? Arushe hata jiwe."

Bibi akapewa jiwe. Mdogo wangu anasema walimu walikuwa wakiandika tu wakati wote wa kuwasilisha, mpaka bibi aliposimama na kulirusha. Hapo wakacheka, wakaomba kujaribu wao wenyewe. Alifaulu. Kwenye kundi tunaiita harusi ya nyani, na mama mkubwa bado anadai sare yake.